Mkeo anatibu ugonjwa uliomtajia wewe

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 43, naendesha tuktuk huku Likoni, nina mke na watoto wawili. Nimepatikana na homa ya ini C na niko wiki ya tano ya vidonge vya wiki 12. Dawa zinanitesa: kichwa kinagonga, kichefuchefu, usingizi sipati, nguvu sina, hasira ziko karibu. Nyumbani sina msaada. Mke wangu nilimwambia ni vidonda vya tumbo, maana miaka 11 ya ndoa hajui kwamba ujanani nilikuwa teja wa kujidunga. Sasa kazi yake ni kunilisha vyakula visivyo na ladha na kunisukumia dawa za kiungulia asubuhi na jioni. Nimehamia chumba cha watoto nisimwambukize, naye anauliza nina mwanamke gani nje. Juzi kaniuliza mbona sivui shati la mikono mirefu hata na joto hili. Nimechoka. Nafikiria kuacha dawa, na yeye nimpeleke kwao hadi nipate nafuu. Nishauri.*
*Baba wa Wawili*

Marahaba, mwanangu. Pole. Kuendesha kwenye foleni ya feri na kichwa kinachogonga si mchezo, na sisemi kwamba unajifanya. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikiisoma ninayemwonea huruma ni mkeo.

Unasema huna msaada. Mwanamke wa Pwani ameondoa pilipili na ndimu kwenye mchuzi wake mwenyewe. Anakwenda duka la dawa, anakuletea vidonge na maji mara mbili kwa siku. Huyo anauguza, tena kwa bidii. Tatizo ni kwamba anauguza ugonjwa uliomtajia wewe.

Na hapa nisikilize vizuri. Chukua kasha la dawa yako usome. Kama ni kidonge kimoja chenye sofosbuviri na velpatasviri, jua kwamba hiyo velpatasviri inahitaji asidi ya tumbo ndipo iingie mwilini sawasawa. Dawa za kiungulia kazi yake ni kuipunguza asidi hiyo. Omeprazoli haishauriwi kuchanganywa nayo bila daktari kupanga, na hata ile dawa nyeupe ya chupa inatakiwa itengane na kidonge chako kwa saa nne. Kwa hiyo huenda wiki tano hizi umevumilia mateso yote na dawa imeingia pungufu. Si kosa lake. Ungemwambia ukweli siku ya kwanza, asingekununulia hata kimoja. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umemfanya mkeo akusaidie kuficha bila yeye kujua. Usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda kesho na kila unachomeza, pamoja na mitishamba ya kusafisha ini kama ipo, na methadoni, ile dawa ya kusaidia kuacha kujidunga, kama bado unakunywa. Kidonge cha homa ya ini usikiache hata siku moja kabla hujaongea nao. Uliza pia kama ulipimwa homa ya ini B kabla ya kuanza, kwa sababu ile ya B ikiwa imelala mwilini huweza kuamka wakati ya C inatibiwa.

Maumivu ya kichwa, uchovu, kichefuchefu na kukosa usingizi hutokea kwa watumiaji wa dawa hizi, na kwa wengi huwa mepesi. Kunywa maji. Meza kidonge saa ile ile kila siku. Kama kichefuchefu kinakuharibia asubuhi, muulize muuguzi namna ya kukihamishia baada ya chakula cha jioni. Parasetamoli uliza kipimo chako, ini lililougua halitaki vidonge vya kukisia. Kizunguzungu kikija ukiwa barabarani, egesha tuktuk, abiria watapata nyingine. Ila macho yakigeuka manjano, tumbo likivimba, ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami au ukianza kuchanganyikiwa, hospitali saa hiyo hiyo.

Hizo hasira sidhani zote ni za dawa. Nilimuuguza mjomba wangu ugonjwa huu huu enzi za interferoni, dawa yake ya zamani. Sindano ya tumboni kila wiki, wiki 48, na vidonge vya ribavirini juu yake. Usiku wa sindano alitetemeka hadi kitanda kikalia. Nywele zilibaki kwenye mto. Mtu mpole yule, siku moja alirusha sahani ya wali ukutani, kisha akakaa chini akalia kama mtoto. Mkewe alilijua jina la ugonjwa na jina la dawa. Alipiga magoti akaokota wali punje kwa punje, hakusema neno. Wengi walipita moto ule na bado hawakupona. Wewe una kidonge kimoja kwa siku, na katika kila watu 100 wanaokimaliza vizuri, zaidi ya 90 hupona kabisa. Uache wiki ya tano? Hapana, baba. Hasira yako ni ya mtu anayelinda siri usiku na mchana, na usingizi utaupata wapi kwenye godoro la mtoto?

Kitanda ulikihama wewe, halafu unashangaa akiuliza kuna nani nje. Homa ya ini C hupita kwa damu. Wembe na mswaki usishirikiane na mtu. Sahani, kikombe na kukumbatiana havina neno, na kwa mke na mume wa siku zote kuambukizana kitandani ni nadra. Chanjo yake haipo, kwa hiyo akapimwe damu, na akionekana nayo watoto nao wapimwe.

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha. Watu wanapeana nywila za simu, wanawekeana picha za mapenzi kila Ijumaa, lakini kadi ya kliniki inafichwa chini ya kiti cha gari. Wazee wetu kabla ya posa waliuliza ugonjwa, deni, hata tabia ya babu. Walikuwa wakali, wakati mwingine walivunja mioyo, lakini binti aliingia nyumba akijua anaingia wapi.

Sasa hilo shati. Mwanamke aliyelala nawe miaka 11 hakuuliza kwa sababu ya joto. Makovu ya mkono wako ameyaona zamani, nadhani, na anakurahisishia useme mwenyewe. Utampeleka kwao kwa kosa gani? Babake akiuliza, utamjibu kwamba alikupikia uji? Kutoka kwenye unga si aibu, mwanangu. Wangapi wa rika lako mlioanza pamoja wako hai leo?

Usiku huu watoto wakilala, rudi chumbani kwako, vua shati, mpe kasha la dawa alishike mkononi, umwambie yote. Akilia, mwache alie. Kesho mwende kliniki pamoja. Ukimaliza dawa, kipimo cha kuthibitisha umepona hufanywa baada ya wiki 12 nyingine. Siku hiyo niandikie, na barua aiandike yeye.