Ati naishi nchi ya wezi na malaya

Haya binamu, umeuliza kwenye grupu la familia, tena mbele ya mashangazi, kama ni kweli wanawake wa kwanza wa Kizungu huku Australia walikuwa wezi na malaya waliofukuzwa Uingereza. Wezi sawa, sibishi. Malaya hapana, umalaya peke yake haukuwa kosa la kumsafirisha mtu. Walioletwa ni kama 25,000, kuanzia 1788 mpaka 1853, na wengi ni mahausigeli tu, kaiba shuka, kaiba gauni la bosi, anapigwa miaka 7 ng'ambo.

Mi niko Hobart, kisiwa cha Tasmania, na kuta za jela lao la Cascades bado zipo. Kwanza palikuwa kiwanda cha pombe kali, 1828 wakapageuza jela, liko bondeni chini ya mlima, jua linapita tu kama halipataki, Julai nimeenda na jaketi mbili bado meno yanagongana.

Wenye nidhamu waligawiwa kwa wenye nyumba kufanya kazi za ndani, mshahara hakuna. Sasa sikia, akipewa mimba huko, hata na bosi mwenyewe, anayerudishwa jela ni yeye! Anajifungulia humo, ananyonyesha miezi kadhaa, halafu anatenganishwa na mtoto, mama anaingizwa kundi la wanaoadhibiwa, kufua na kufumua makamba makuukuu ya meli. Watoto walikufa wengi mno mle ndani, na waliopona wakikua kidogo wanapelekwa kituo cha yatima wakati mama zao wako hai, hapo ndo roho inaniuma mimi.

Kurudi kwao je? Hukumu ikiisha nauli ujitegemee, na meli ni miezi minne hivi baharini, nani angeweza, wengi wakabaki wakaolewa hukuhuku. Wapo waliotoboa, Mary Reibey aliiba farasi akiwa na miaka 13, akaletwa 1792, akaja kuwa tajiri wa meli na biashara Sydney, sura yake iko kwenye noti ya dola 20, hizo hizo mnazoniomba kila mwisho wa mwezi.

Na ukija huku usidhani ukiwaambia hilo la wezi unawatukana. Zamani walificha kweli, ilikuwa aibu ya ukoo, siku hizi mwenye bibi aliyeiba gauni anamringia yule ambaye wazee wake walijilipia nauli.