Injini ya Hayabusa kwenye Lotus Seven ya kujiundia
Kaka umeuliza kama injini ya Hayabusa, ile pikipiki ya Suzuki, itafaa kwenye kigari chepesi cha michezo aina ya Lotus Seven unachojiundia hapo Uingereza, inafaa sana tu, ila kabla ya chochote shughulikia sampu, lile beseni la oili chini ya injini. Pikipiki kwenye kona inalala kwa hiyo oili inabaki palepale pampu inaponyonya, gari halilali, oili yote inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa na beringi za konrodi (zile fimbo zinazounganisha pistoni na krenki) zinakwisha fasta. Weka vibati vya kuizuia oili humo ndani, au ukiwa na hela funga sampu kavu, ile ambayo oili inakaa kwenye tangi lake pembeni. Rivasi pia hamna, giaboksi ya pikipiki haina, wengi wanafunga kiboksi cha rivasi katikati ya propela, ile shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, mi naona ni bora kuliko mota ya umeme ya kurudisha gari nyuma.