Kwa wadogo zangu mnaoingia mtaani na kamera

Jumamosi, Mtaa wa Kongo, Kariakoo, mmoja wenu alikataliwa na mchuuzi wa vitenge, akaenda kujificha nyuma ya nguzo na kumvizia kwa lenzi ndefu. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba pale ni hadharani. Jibu hilo nimelisikia kwa kila kundi jipya, na linanichosha kwa sababu nawapenda na nataka mdumu katika kazi hii.

1. Salimieni kwanza, kamera ikiwa imeshushwa.

2. Ridhaa ya kupigwa picha si ridhaa ya picha hiyo kutumika popote. Kijana mmoja niliyemfundisha alimpiga picha mama lishe pale Feri, kwenye kivuko cha Kigamboni, ameinamia sufuria, mvuke umemfunika nusu ya uso. Aliomba vizuri, akasema ni picha ya kujifunzia, naye mama akakubali. Baadaye aliiuza kwa kampuni moja, ikawa bango la mikopo. Yule mama hakuwa amekopa popote, lakini wenzake wa kikoba walianza kumuuliza anadaiwa kiasi gani, na mumewe akataka kujua fedha za tangazo amezificha wapi. Kijana alirudi na bahasha kuomba radhi. Mama alimkaribisha, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamrudishia bahasha na kusema anachotaka ni bango lishushwe, jambo ambalo kijana hakuwa tena na uwezo nalo, kwa kuwa alikwishaiuza picha bila sharti lolote.

Ibara ya 16 ya Katiba ya 1977 inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake na maisha yake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zilizokusanywa kwa lengo moja zisitumiwe kwa lengo lingine lisilopatana nalo, na uso unaotambulika ni taarifa ya mwenyewe.

3. Kwa mtoto, ombeni ridhaa ya mzazi au mlezi, hata kama mtoto mwenyewe anawachekea.

4. Hapohapo Feri, Ikulu iko jirani. Elekezeni lenzi kwingine, kwani huko suala ni usalama.

5. Andikeni namba ya simu ya mliyempiga picha, mwambieni picha itakwenda wapi, na mumtumie nakala yake jioni hiyohiyo. Akipiga simu baadaye akitaka iondolewe, iondoeni bila kubishana naye, hata ikiwa ndiyo bora kuliko zote mlizowahi kupiga.