Kabla hujafuta chochote, shika kebo

"Yaya, kadi inaonekana lakini diski hata moja haionekani. Nimeflashi mara tatu. Nisaidie."

Ujumbe huo uliniingia Jumanne usiku kutoka kwa kijana wa Kolwezi. Kuflashi ni kuandika upya famuwea, yaani programu iliyomo ndani ya kadi. Amenunua kadi ya LSI 9211-8i iliyotumika, ile ya kuunganishia diski nyingi kwenye kompyuta, yenye chipu ya SAS2008, anataka kujenga seva ya kuwekea video na picha zake za harusi. Nilipofika kwenye neno harusi niliweka simu chini kwanza. Nitaeleza sababu.

Nilimwomba kitu kimoja tu: anipigie picha ya kebo, siyo ya skrini. Kebo zenye kichwa cha SFF-8087 upande mmoja na vichwa 4 vya SATA upande wa pili ziko za namna mbili. Moja hutoka kwenye kadi kwenda kwenye diski 4. Nyingine hutoka kwenye matundu 4 ya SATA ya kadi mama kwenda kwenye kabati la diski la seva. Ukizilaza mezani zinafanana kama mapacha, lakini nyaya za ndani zimeungwa kinyume. Ukitumia ya pili mahali pa ya kwanza, kadi itawaka vizuri, kompyuta itaitambua, toleo la famuwea litasomeka, na diski zitakuwa sifuri. Hakuna kitakachoungua na hakuna onyo litakalotokea. Utabaki kuilaumu kadi. Kwenye picha yake, lebo ya kebo iliandikwa wazi kwamba ni ile ya kinyume.

Mara tatu ameflashi kadi nzima kwa sababu ya kebo. Sikumgombeza. Mimi nilifanya mabaya kuliko hayo, na leo nataka kuyasema.

Januari 2019, majira ambayo mvua ya Lubumbashi inakuja karibu kila alasiri na radi zake, mama mmoja mwenye studio ya picha Kamalondo aliniita alfajiri. Seva yake niliijenga mimi mwenyewe: diski 4 za TB 2 zilizounganishwa zifanye kazi kama moja, mtindo unaoitwa RAID 5, kwenye kadi ya RAID niliyoitoa katika seva kuukuu. RAID 5 inavumilia diski moja ikifa. Ya pili ikifuata kabla hujabadilisha ya kwanza, kwisha. Ndani yake kulikuwa na kazi ya miaka 6: harusi, ubatizo, matanga, picha za wazee ambao baadhi walikuwa wameshatutoka. Alikuwa amenilipa dola 350 na nilitembea mjini kama mtu aliyejenga daraja.

Usiku ule umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi. Anayeishi hapa anajua delestaji, yaani mgao wa umeme, inavyochezacheza kabla haijatulia. Nilipofika, kadi ilikuwa inalia na skrini inasema diski 2 hazipo. Nikazichomoa, nikazirudisha. Zikaonekana, ila mbele yake limeandikwa neno Foreign, yaani geni. Kadi ilinipa njia mbili: kuuingiza mpangilio ule mgeni, yaani kumbukumbu ya RAID iliyoandikwa kwenye diski zenyewe, au kuufuta.

Wateja walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri picha za pasipoti. Mama alikuwa amesimama nyuma ya bega langu. Mimi nikafikiri kitu kigeni ni uchafu ulioletwa na umeme. Nikafuta. Halafu nikaunda RAID upya, na kadi iliponiuliza kama ianzishe diski zote tangu mwanzo, nikakubali. Kuanzisha namna ile maana yake ni kuandika sifuri juu ya kila kitu. Nikakaa nikiangalia asilimia zikipanda, nikiamini kwamba mwisho wake picha zitarudi. Nilipofahamu ninachokifanya, ilikuwa imeshapita nusu.

Mama hakupiga kelele. Alikaa kwenye kile kiti cha kupigia picha, kitambaa cheupe nyuma yake, akaniuliza, "Mwanangu, hao watu nitawaambia nini?"

Habari ilitembea. Fundi mmoja ambaye tulijifunza naye kazi ndiye aliyeibeba kuliko wengine, akiongeza chumvi kila anapoisimulia, na kwa miaka 2 sikupata kazi hata moja Kamalondo. Sijamsahau. Hadi leo nikipita barabara ile navuka upande wa pili nisionane na mlango wa studio.

Baadaye nilinunua diski 4 kuukuu za GB 500, nikajaza picha zangu, nikaanza kuziharibu kwa makusudi. Nilichomoa 2 katikati ya kazi. Nilikata umeme. Kila mara neno lile lile likaja, na kila mara nilipochagua kuingiza, RAID ilirudi. Kisha nikajaribu kosa langu lenyewe: nikafuta mpangilio, nikaunda RAID upya kwa utaratibu ule ule wa diski na ukubwa ule ule wa vipande, lakini safari hii nikakataa kuanzisha. Nikawasha upya. Picha zote zilikuwepo. Nilirudia mara 4, zikarudi mara 4. Usiku ule sikulala. Hata baada ya kufuta, kazi ya yule mama ilikuwa bado inaokoleka. Nilichoiua nacho ni kukubali swali moja la mwisho.

Na diski zake? Hazikuwa na ugonjwa wowote. Zile 2 zilikuwa zinakula umeme kutoka kwenye tawi moja la waya wa dola 2, lenye pini iliyolegea. Diski kubwa ya inchi 3.5 ikianza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampea 2 kwenye volti 12. Umeme ukirudi kwa kishindo zote zinaamka pamoja, pini mbovu haiwezi kuzibeba, diski 2 zinachelewa, na kadi inaziandika kuwa zimekufa. Zaidi ya hapo, betri ya kadi ilikuwa imeisha, na nilikuwa nimeilazimisha kadi iendelee kuandika kwanza kwenye kumbukumbu yake ili iwe na mwendo. Betri ikifa, umeme ukikatika, kilichomo kwenye kumbukumbu ile kinapotea. Kadi yenyewe ilitaka kupunguza mwendo kwa usalama. Mimi ndiye niliyeikatalia.

Mwezi uliopita parokia moja ya Katuba iliniita: rekodi zote za kwaya, diski 4, neno lile lile kwenye skrini. Mikono ilitetemeka, sitaficha. Nilizima kila kitu. Nilipiga picha za skrini na za nyaya. Nilibandika skochi kwenye kila diski na namba yake, 0 hadi 3. Nilibadilisha waya wa umeme. Nikawasha, nikachagua kuingiza, na ndani ya dakika 40 kwaya ilikuwa inaimba kwenye spika za kompyuta. Padri alitaka kurudi kazini papo hapo. Nilimwambia, "Baba, hapana," na nikanakili kila kitu kwenye diski ya nje kwanza. Nilipotoka pale nilikuwa nimetua mzigo wa miaka mingi.

Sasa nirudi kwa wanaojenga kama yule kijana. Siku hizi kwa seva ndogo siweki RAID ya kadi. Naigeuza kadi iwe katika hali ya IT, yaani inazipitisha diski kama zilivyo, na mfumo wa kuhifadhi faili, kwa mfano ZFS, ndio unaozilinda. Faida yake kwa mji kama wetu ni hii: kadi ikiungua na radi, unachukua kadi nyingine yoyote ya hali hiyo, unachomeka, na diski zinasomeka. Kwa RAID ya kadi itabidi utafute ndugu wa kadi ile ile, na mzigo kutoka Dubai kupitia Dar es Salaam na Kasumbalesa haufiki kesho.

Kuflashi ndiko watu wanakoogopa, ila chenyewe ni kifupi. Geuza kadi, nakili namba ya SAS kwenye karatasi, ile ya tarakimu na herufi 16 inayoanza na 500, kwa sababu ukifuta famuwea namba hiyo inaweza kwenda nayo. Famuwea ya chipu hii tumia 20.00.07.00, matoleo ya kwanza ya mfululizo wa 20 yalikuwa na kasoro. Programu ya kuflashia, sas2flash, ikigoma kwenye DOS ikilalamika kuhusu PAL, hamia kwenye UEFI, yale mazingira ya kuwashia kompyuta za kisasa. Na ukishafuta ya zamani usizime wala usiwashe upya kabla hujaandika mpya. Kwa hiyo usiflashi bila UPS, ile betri inayoshika kompyuta umeme ukikatika. Sisemi labda. Umeme wa Lubumbashi hautakungojea umalize.

Kompyuta ikikataa kuwaka kabisa baada ya kuchomeka kadi iliyotoka kwenye seva, hasa kwenye kadi mama za kawaida, usiitupe. Upande wenye chipu, hesabu miguu ya dhahabu kutoka kwenye bati la kufungia, funika wa 5 na wa 6 kwa kipande chembamba cha skochi. Hizo ni njia za mazungumzo ya pembeni kati ya kadi na kadi mama, na wakati mwingine hawaelewani. Nimezifufua kadi kadhaa hivyo ambazo wenyewe walikuwa wameshaziita takataka.

Diski zikipotea zote kwa pamoja baada ya saa moja ya kunakili, gusa kile kipande cha alumini juu ya chipu, kwa uangalifu, kinaunguza. Kadi hizi zilizaliwa kwa ajili ya seva zenye upepo mkali. Kwenye kasha la kawaida zinapikika, na kuanzia Mei hadi Oktoba vumbi letu jekundu linaziba kila tundu. Feni ndogo ya milimita 40 ikifungwa juu yake inamaliza shida.

Diski moja ikisumbua peke yake, soma SMART, yaani taarifa ambazo diski inajiandikia kuhusu afya yake, kabla ya kuihukumu. Namba 199 ikipanda, shika kebo. Namba 5 na 197 zikipanda, diski yenyewe inakufa. Na ukiona diski ya TB 4 inahesabiwa kama TB 2, huenda umeuziwa kadi ya zamani yenye chipu ya 1068E. Hiyo haivuki TB 2 na hakuna famuwea itakayoivusha. Irudishe dukani.

Kebo, umeme, joto, halafu ndipo diski. Nalirudia hili kila siku kwa vijana wangu na nitalirudia hapa: kebo kwanza.

Ndugu zangu mafundi, tunashika vitu ambavyo thamani yake hatuijui. Mtu anakuletea sanduku la bati, ndani yake kuna sauti ya baba yake. Msipokee kazi ya diski bila kumuuliza mwenyewe nakala ya pili iko wapi. Kama haipo, kazi ya kwanza ni kuitengeneza, na kama hana pesa ya diski ya nje, mngojeni aitafute. RAID si nakala. Usikubali mteja akusimamie nyuma ya bega. Mwambie kwa heshima akae. Na skrini ikikuuliza swali usilolielewa, jibu ni kuzima mashine na kwenda kusoma, hata kama benchi limejaa watu. Anayeona aibu kusema "sijui, nipe hadi kesho" asifungue kasha la mtu.

Kijana wa Kolwezi, kebo sahihi ninayo hapa, nimeipitisha kwenye basi la asubuhi, imefungwa kwenye karatasi ya kaki yenye jina lako. Ukiipata usiflashi tena. Zima, badilisha kebo, washa, nitumie picha ya skrini. Na zile harusi zilizomo kwenye laptopu yako, usizifute hata ukiona diski zote zimetokea.