Klachi ya Land Cruiser: ukishusha giaboksi, usibadilishe pleti peke yake

Ndugu, umesema Land Cruiser yako yenye injini ya dizeli ya 1HZ ukipanda kutoka Mai Mahiu injini inalia lakini gari halisongi, na fundi amekwambia ubadilishe pleti tu, ile sahani ya msuguano ya klachi, kwa sababu presha, ile sehemu yenye springi inayoibana pleti, bado iko sawa. Mimi nakusihi usikubali. Yangu ni ya injini hiyo hiyo, na klachi yake tuliibadilisha na fundi Industrial Area, Nairobi, nikiwa chini ya gari pamoja naye.

Kinachokula pesa na muda ni kushusha giaboksi. Imeungana na transfa, boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na nyuma, kwa hiyo zinatoka propela zote mbili, gia liva, silinda ya klachi ya chini na nyaya, halafu ndio unashusha chuma ambacho bila jeki ya giaboksi kitaumiza mtu. Ukiweka pleti mpya na beringi ya rilisi ya zamani, ile inayosukuma presha ukikanyaga pedali, ikianza kulia baada ya miezi michache utalipia kazi yote hiyo upya. Nunua vitatu pamoja: pleti, presha na beringi ya rilisi. Ongeza pailoti beringi, ile ndogo inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi, ambayo bei yake ni ndogo sana.

Giaboksi ikishatoka, msikimbilie kufunga. Angalieni kwanza sehemu ya chini ya nyumba ya klachi. Yetu ilikuwa na utope mweusi wa vumbi la pleti lililochanganyika na oili. Fundi alichukua kidogo kwa kidole akanusa. Oili ya giaboksi ina harufu kali ya kiberiti, ya injini ya dizeli ni nyeusi tii na haina harufu hiyo. Ilikuwa ya injini, yaani sili ya nyuma ya krenki imechoka. Tungefunga bila kuibadilisha, pleti mpya ingelowa kama ile ya zamani. Kuna fundi mwingine aliyetaka tuipanguse pleti ya zamani kwa petroli turudishe. Pleti iliyokunywa oili haiponi, jamani.

Flaiwili yetu, gurudumu zito la injini ambalo pleti hubanwa juu yake, ilikuwa na madoa ya buluu ya joto, tukaipeleka ikakerezwa. Mwambie mkerezaji aikereze kwa mashine, asiisugue tu kwa msasa wa mkono.

Vipuri nilichukua Kirinyaga Road. Nenda na pleti ya zamani, linganisha upana na hesabu ya meno ya katikati kabla hujatoa pesa, maana bandia ziko nyingi na maboksi yake yanapendeza.

Wakati wa kufunga, soma maandishi kwenye pleti yanayoonyesha upande wa flaiwili. Ipange katikati kwa kifaa chake, si kwa kukadiria kwa jicho. Bolti za presha kaza kidogo kidogo kwa kupishana, na msiache giaboksi ining'inie kwenye shafti yake ikiwa nusu imeingia, hapo ndipo pleti mpya hupinda. Grisi kwenye meno iwe utando tu. Halafu toeni hewa kwenye mfumo wa fluidi wa klachi, tena kwa fluidi mpya.

Kilomita mia tano hivi za mwanzo usivute trela. Na ukikwama kwenye ule udongo mweusi wa Kitengela, weka 4L, yaani magurudumu yote manne kwa gia za chini, mapema na uache mguu utoke kabisa kwenye pedali ya klachi. Kuishikilia nusu kwenye matope ndiko kunakounguza klachi.