Re: Miksi ya usiku wa manane, nianze na ipi?

Mkuu, umeuliza uanze na miksi ipi ya usiku wa manane yenye trip hop (midundo ya hip hop iliyopunguzwa kasi, yenye besi nzito), hip hop na soul ndani yake. Mimi ningekurudisha kwanza kwenye chimbuko: albamu ya Blue Lines ya Massive Attack, kundi la Bristol, Uingereza, 1991. Si miksi ya DJ, ila mchanganyiko wote umo: jamaa anachana kama ananong'ona, mara sauti ya mwimbaji Shara Nelson inapanda juu ya besi nzito. Ukimaliza, ingia DJ-Kicks, miksi ya ma-DJ wawili, Kruder & Dorfmeister, 1996. Hapo nyimbo zinapokezana taratibu, hata hushtuki. Vaa hedifoni (spika ya simu inaua besi), zima taa, na usirukeruke nyimbo.