Usigeuze kila pointa kuwa shared_ptr

Mkuu, umeuliza kama ugeuze pointa zote (vishikio vya anwani za vitu kwenye kumbukumbu) za mradi wako wa C++ ziwe shared_ptr, yaani pointa zinazohesabu ni ngapi zinashika kitu kimoja na kukifuta hesabu ikifika sifuri, ili uachane kabisa na delete, amri ya kufuta kitu kwa mkono. Nakusihi usifanye hivyo. Mimi nilifanya, na nikahangaika wiki mbili nzima.

Programu yangu ilikuwa na madirisha yenye vitufe. Dirisha linashika vitufe vyake kwa shared_ptr, na kila kitufe nacho kinashika dirisha kwa shared_ptr ili kilipe taarifa kikibonyezwa. Unafunga dirisha, linatoweka kwenye skrini, lakini kumbukumbu haishuki. Mwishowe niliweka mstari wa kuchapisha ndani ya destrakta (msimbo unaoendeshwa kitu kinapofutwa) za dirisha na vitufe, nikafungua na kufunga dirisha mara kumi. Kimya. Nikachapisha use_count, yaani ile hesabu ya shared_ptr zinazoshika kitu, kabla ya kufunga: dirisha la vitufe 3 likasoma 4. Moja ni yangu, tatu za vitufe. Nikiachia yangu zinabaki tatu, na hesabu isipofika sifuri hakuna kinachofutwa. Dirisha na vitufe vimeng'ang'aniana milele!

Dawa ilikuwa neno moja tu. Pointa ya kitufe kwenda kwa dirisha niliifanya weak_ptr, ambayo haiongezi hesabu hiyo. Ukitaka kuitumia unaita lock(), inayokupa shared_ptr ya muda, na kuangalia kama imerudi tupu kwa sababu kitu kimeshafutwa. Nilipofunga tena, destrakta zilichapisha mistari minne. Nilifurahi sana siku ile.

Kwa hiyo kabla ya kugusa msimbo, jiulize kila kitu mwenyewe ni nani. Mara nyingi utakuta ni mmoja, na huyo mpe unique_ptr, pointa ya mwenyewe mmoja tu inayofuta kitu yenyewe. Kwa kawaida ukubwa wake ni sawa na pointa ya kawaida, na haina hesabu yoyote. Haikubali kunakiliwa, kompaila inakukatalia papo hapo hadi uandike std::move, yaani utamke kwamba unamkabidhi mwingine. Hilo peke yake limeniokoa mara nyingi. Iunde kwa make_unique, ipo tangu C++14.

Funksheni inayotazama kitu tu bila kukimiliki ipe rejeleo (jina jingine la kitu kilekile), au hata pointa ya kawaida, si dhambi. Ila usiunde shared_ptr mbili kutoka pointa moja ghafi, yaani ya kawaida: kila moja itakuwa na hesabu yake, na kitu kitafutwa mara mbili.

Tuwekee hapa klasi yako yenye vitu vinavyoelekezana, tuitazame.